Dalali wa Soweto

Dalali aliyenitembeza Moshi nilipohamia kutoka Tabora alikuwa mwongo mwenye adabu zake. Kila nyumba tuliyoingia aligonga ukuta kwa kidole, akasikiliza kama daktari, kisha akatamka, "Hii imeshiba saruji, kaka." Choo cha nje alikiita faragha. Banda la nguruwe la jirani aliliita ufugaji wa kisasa. Mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu wiki nzima, lakini kila dirisha alilofungua alisema linautazama.

Niliyoipenda mimi ilikuwa ile ya mtaa wa Soweto, yenye maji ndani na migomba nyuma. Mwenye nyumba alikuwa amemwambia dalali kwamba iko wazi. Tukamkuta mpangaji bado yumo, bibi mmoja anachambua maharage sebuleni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmetumwa mje kunitoa?"

Dalali akavua kofia. "Hapana, bibi. Tumekosea nyumba."

Bibi akatukaribisha chai, tukanywa. Tulipotoka nikamwambia dalali kwamba nyumba ile ndiyo naitaka. Akatazama viatu vyake.

"Ina siafu, kaka. Hutalala."

Sakafu nilikuwa nimeiona, inang'aa.

"Kweli," nikamjibu. "Hata mimi nimewaona."