Mimi Nakaa Nje, Neema Anaingia

Admin, jina langu lisitokee tafadhali. La rafiki yangu nimeshalibadilisha. Mimi ni nesi Mkenya, miaka thelathini na sita, naishi Winson Green na nafanya kazi thieta, chumba cha upasuaji, hapa Birmingham, Uingereza.

Nilipoanza kazi nilimwambia meneja kwamba imani yangu hainiruhusu kusaidia kutoa mimba. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Yeye akasema tu sheria ya hapa inaniruhusu kukataa, siku hizo nitakaa nje, ataingia mwingine. Sikuuliza huyo mwingine ni nani. Kanisani nikatoa ushuhuda, watu wakapiga makofi, na Neema kando yangu akapiga pia. Neema ni Mtanzania wa Moshi, nesi mwenzangu wa thieta, na watoto wake wananiita auntie.

Mwezi uliopita tulikuwa tunabadilisha nguo baada ya shifti nikamwona vifungo vya koti vinamshinda. Nikamfungia. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Dada, ukikaa nje wewe, naingia mimi," akasema. "Na mimi imani yangu ni hiyo hiyo."

Nikamwambia sheria ni yake pia, twende kwa meneja sote wawili. Akakataa. Mimi nina ukaazi wa kudumu, lakini kibali chake kinategemea kazi hii, na anaogopa akionekana msumbufu hawatamwongezea muda.

"Wewe ukikataa, wanakuita mcha Mungu. Mimi nikikataa, nitatafutiwa kosa. Ukinisemea, umenirudisha Moshi na wanangu."

Hakuwa na hasira. Tulipanda basi moja hadi mjini.

Tangu hapo sijalia hata mara moja. Napika, nakula, ladha siisikii. Nikipiga magoti maneno hayaji. Juzi mgonjwa wa kutolewa mimba aliletwa tena, nikakaa kwenye kiti cha korido, nikaona mlango ukijifunga nyuma ya Neema, na moyoni sikuhisi chochote. Hilo ndilo linalonitisha.

Nikimsemea nitakuwa nimemsaliti, na nikiingia badala yake sijui nitamwambia nini Mungu. Kunyamaza nako nimeshaona kunavyomuumiza.

Wiki ijayo tumepangwa shifti pamoja. Msinitie moyo, ndugu zangu. Niambieni tu, mngekuwa mimi mngefanyaje?