Wodi Iliyosubiri Utepe

Wodi ya wazazi ya mtaani kwetu, ndani kabisa huko ukishapita Bunju, ilimalizika kujengwa mimba ya mdogo wangu ikiwa na miezi saba. Imepigwa rangi, tangi la maji juu, vitanda vya kujifungulia vimepangwa vikiwa bado na nailoni zake. Hela ya serikali, kodi yetu sie wote, na kwa mara ya kwanza tuliiona kwa macho. Mdogo wangu akienda kliniki alikuwa anachungulia dirishani, anarudi ananiambia, "Dada, mie changu kile cha karibu na dirisha. Asikitamani mtu."

Kilichobaki ni kukata utepe tu. Mgeni rasmi alipangiwa siku, akapata safari. Akapangiwa nyingine, mvua ikaharibu barabara, gari lake lisingepita. Na wodi isiyozinduliwa haitumiki, ndo utaratibu, eti. Vitambaa vya mapambo vikaning'inia pale nje mpaka vikapauka kwa jua.

Uchungu ulimshika mchana, tunachambua mchele. Kituo cha afya ni karibu, tukaenda kwa miguu. Nesi alitupokea vizuri, sina ugomvi naye. Alimpima, akasema njia imeanza kufunguka na presha imepanda. Halafu akautazama ule mlango wa wodi mpya na kufuli lake.

"Funguo ziko ofisi ya kata," akasema. "Na hata ningekuwa nazo, wakikuta kitanda kimetumika kabla ya mgeni rasmi, mie kazi sina. Na humu kliniki hakuna pa kuzalishia. Wahini hospitali kubwa."

Barabara iliyomshinda mgeni rasmi, mdogo wangu alipitishwa kwa bajaji. Mtoto alitoka kabla hatujafika kwenye lami. Nilimpokea mie mwenyewe na kanga yangu, akalia vizuri kabisa, na haki ya Mungu tulicheka, mie na mdogo wangu, tulicheka. Kisha damu ikaanza, haikukoma. Kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo akasema anasikia baridi, na jua lilivyokuwa linawaka siku ile! Hospitali walimpokea mtoto peke yake. Mama yake alikuwa ameshaniachia mkono.

Hatujamaliza arobaini, wodi ikazinduliwa. Ngoma, risala, pilau. Sikwenda. Spika zilisikika mpaka chumbani kwangu, nikafunga madirisha na joto lile, nikakaa nimeziba masikio kama mtoto.

Mama yetu ni mwalimu mstaafu, Mpare wa Same. Watu hututania kwamba Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya mbuzi, na mama hakuwahi kuukataa utani huo. Tangu msiba alikuwa kimya, lakini nilijua ipo siku atasema, na akisema watamsikia. Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa alipokuja kutuambia kuna watu wa tathmini wanakuja, wanataka kujua hela iliyoletwa huku pembezoni imebadilisha nini, mie moyoni nikasema: leo ndo leo.

"Shikamoo mwalimu," mwenyekiti alisema, akakizungusha kikombe cha chai bila kunywa. "Mwalimu, tunaomba uwe mmoja wa wasemaji. Lakini kuna awamu ya pili, chumba cha upasuaji na gari la wagonjwa. Wakisikia matatizo, hela itapelekwa kata nyingine. Sisemi udanganye, mwalimu."

"Unasema nini basi?" mama akamuuliza.

Jamaa akaaga.

Siku yenyewe turubai lilifungwa nje ya kituo. Binti mmoja mpole wa tathmini, kishikwambi mkononi, akawa anauliza mtu mmoja mmoja. Watu wakajibu tunashukuru, tunashukuru. Akafika kwa mama, aliyekuwa amempakata mjukuu wake, mashavu hayo, kanenepa kwa maziwa ya kopo.

"Shikamoo bibi. Kabla ya mradi kina mama walikuwa wanapata shida gani?"

"Marahaba. Walikuwa wanajifungulia barabarani. Wengine walikufa."

"Poleni sana. Na sasa?"

Mama akanitazama. Mie nilikuwa nimeshaanza kunyanyuka, maneno yote yako mdomoni. Akanitikisia kichwa kidogo sana, vile alivyokuwa anatunyamazisha kanisani tukiwa wadogo, nikakaa tena.

"Sasa wodi ipo," akasema.

Binti akatabasamu, akamshika mtoto kidole. "Na huyu kijana wetu? Amezaliwa hapa hapa?"

Kila aliyekuwa pale alikuja msibani kwetu. Nesi akainama akawa anaangalia viatu vyake.

"Ndiyo," mama akasema. "Amezaliwa hapa."

"Hongera sana, bibi." Akagusa kioo cha kishikwambi chake, akahamia kwa jirani.

Nilimkasirikia mama. Njia nzima nilitembea mbele yake. Tulipofika nyumbani ndo nikapasuka. "Mama, umewezaje? Yule ni mwanao! Amekufa kwa sababu ya utepe, utepe mama, halafu wewe unapewa hongera na unapokea!"

Alimlaza mtoto kwenye mkeka, akamfunika, akamfukuza nzi.

"Binti wa jirani ana mimba," akasema. "Na wewe hujazaa bado. Hilo gari la wagonjwa likienda kwingine kwa sababu ya mdomo wangu, nyie mtabebwa na nini?"

Mama akakaa chini pale pale, akavuta upande wa kanga akajiziba mdomo asimwamshe mtoto, na mabega yakaanza kumtikisika.

"Lakini nimemzika tena, mwanangu," akasema. "Ile mara ya kwanza mlinisaidia. Leo nimemzika peke yangu."