Mgongo wa Wimbi na Uso Wake

Karakana yake iko nyuma ya nyumba, chumba kimoja chenye mlango wa bati na feni inayotoa vumbi nje. Mbao za kupandia mawimbi zimelazwa juu ya farasi za mbao, zile stendi za fundi zenye miguu minne, zilizovishwa vipande vya zulia kuukuu. Nyingine zimevunjika katikati, nyingine zimechubuka tumboni kana kwamba zimekwanguliwa na msasa wa jitu. Mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, huvaa barakoa na glavu, hukata kitambaa cha nyuzi za kioo kwa mkasi wa fundi cherehani, hupaka gundi, hungoja ikauke, kisha hulainisha. Hajui kuogelea. Maji yakimfika magotini anageuka.

Watu wa mwambani humwita Bi Nusu, na kila jioni wanangoja ujumbe wake.

Mwamba uko mbele ya mji, mbali kidogo na ufuo. Mawimbi yanayotoka bahari kuu hukutana nao ghafla, husimama wima na kuvunjika juu ya maji ambayo wakati mwingine hayazidi kiuno cha mtu mzima. Chini hakuna mchanga. Ni mawe yenye ncha. Wanaoingia pale ni wachache na wote wamekwishashonwa mahali fulani mwilini.

Ujumbe wenyewe ulianza kwa sababu ya kibiashara tu. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa fundi wa kwanza wa karakana ile, na baada ya kufariki, mjane alichoka na wateja wanaofika alfajiri kudai ubao ambao gundi yake bado ni mbichi. Akaanza kufuatilia mwenyewe siku gani bahari itakuwa nzuri, ili ajue lini mbao zitatakiwa. Alijifunza kusoma takwimu za boya linaloelea mbali baharini, akabandika jedwali la maji kupwa na kujaa ukutani, na kwa upepo alitazama nguo kwenye kamba ya jirani ghorofani. Wateja wakamwomba awape na wao. Leo kundi lao la simu lina watu kama arobaini.

Anaandika hivi: "Kesho mita moja na nusu, yanatoka kusini-magharibi, yameachana vizuri. Upepo wa bara mpaka saa nne, kisha unageuka. Maji yanapwa, saa tatu na nusu tokeni. Wasiozoea wabaki nyumbani." Hana "inshallah" wala "furahieni".

Mtu mgeni hawezi kujua kwamba mita moja na nusu hiyo ni uongo wenye adabu zake. Wimbi lina mgongo na lina uso. Ukilitazama kutoka nyuma, upande wa bahari, unaona nundu tu. Anayesimama mbele yake anaona ukuta, karibu mara mbili ya nundu ile. Watu wa mwambani hupima mgongo. Wamepima hivyo tangu zamani, na anayetaja urefu wa uso huulizwa kama mama yake amemruhusu kutoka. Kwa hiyo mita moja na nusu ya kwao ni ukuta wa mita tatu, na mita tatu yao ni ukuta wa mita sita, siku ambayo wimbi huvunjika mwamba mzima kwa mpigo mmoja na hakuna anayeingia hata kwa kulipwa. Mjane alirithi kipimo hicho kutoka kwa mumewe pamoja na farasi za mbao. Jina la Nusu lilitokea hapo.

Mwanzoni mwa mwaka huu binti yake aliolewa na fundi friji kutoka mji mwingine wa pwani, ambako mawimbi huvunjika juu ya mchanga. Wakahamia chumba cha mbele wakati kijana akitafuta kazi. Mkwe hakuwa na kasoro ya kusema. Alitengeneza jokofu la nyumba bila kuombwa. Mama mkwe akiingia sebuleni, yeye hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli uani. Alikuwa amepanda mawimbi tangu utotoni, na mkewe, kwa kumfurahisha, alimwingiza kwenye lile kundi la simu.

Hakupokewa kwa maua. Mkubwa wa watu wa mwambani ni fundi bomba mmoja aitwaye Pweza, kwa jinsi alivyowahi kung'ang'ania jiwe hadi wenzake wakamfikia. Alikuwa rafiki wa marehemu, kwa hiyo humwita mjane shemeji. Siku alipokuja kuchukua ubao wake alimkuta mkwe mlangoni pamoja na wateja wengine.

"Ndiye huyu bwana harusi?" akauliza. "Nasikia na wewe unapanda."

"Napanda kidogo, mzee."

"Huko kwenu si ni mchanga? Mtu akianguka si anajilalia tu, anasubiri chai?"

Mkwe alicheka pamoja na wengine, lakini masikio yalimbadilika rangi. Bi Nusu aliona, akaendelea kupiga msasa.

Jumatatu moja aliandika kwamba Alhamisi itakuwa siku bora ya msimu: mita moja na nusu, upepo wa bara, anga safi. Jumatano mchana binti yake alimfuata karakanani, akasimama kizingitini kwa sababu ya harufu ya gundi.

"Mama, anataka kuingia kesho."

"Nani?"

"Mama jamani, nani tena? Anasema mita moja na nusu ni ya kwake kabisa, kwao alikuwa anapanda mbili."

"Si umwambie namna tunavyopima."

"Nimwambie mimi? Nikimwambia kesho ni kubwa kuliko anavyodhani, atasikia kwamba hawezi. Na akisikia hawezi, ndiyo umemsukuma. Mwambie wewe."

"Mimi ni mama mkwe wake," alisema Bi Nusu. "Nitaanzia wapi? Mtu hajamaliza hata mwaka nyumbani kwangu, nimwite nimwambie baba, bahari hii huiwezi?"

"Pweza je?"

"Pweza atamwambia mbele ya mji mzima."

Jioni ile alikaa na simu mkononi muda mrefu kuliko kawaida. Angeweza kuandika maelezo: mgongo ni huu, uso ni ule. Lakini katika watu arobaini ni mmoja tu asiyejua, na wote wangemjua kwa jina kabla ya kulala. Basi akachagua njia aliyoiona ya heshima. Aliandika urefu wa uso, bila maelezo: "Kesho mita tatu." Mengine aliyaacha vile vile. Alijua mkwe hajawahi kupanda tatu. Ataisoma mwenyewe, atajitafutia sababu, hakuna aliyevunjiwa heshima.

Majibu yalianza kuingia. "Loo, dhoruba imeongezeka." "Siku imekufa." Pweza alituma sauti: "Mita tatu siiwezi, nina wajukuu. Naenda kufunga tangi la watu." Aliyasoma na kuyasikiliza, hakujibu. Alidhani asubuhi watapita ufuoni kama kawaida yao na kujionea. Hakufikiria kwamba watu walioamini namba zake miaka yote hiyo hawana haja ya kupita.

Alhamisi asubuhi alikwenda kwenye ukuta wa maegesho, mahali anaposimama kila siku kulinganisha alichoandika na kilichopo. Hakukuwa na gari hata moja. Bahari ilikuwa kama ilivyotakiwa iwe. Upepo wa bara ulikuwa unashika vichwa vya mawimbi na kuvirudisha nyuma kama unga unaopepetwa, na mistari ilikuja kwa nafasi, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

Mwambani hapakuwa na mtu. Na wimbi lisilo na mtu halina kipimo. Kutoka ufuoni, bila kichwa wala bega la kulinganisha, linaonekana dogo, tena zuri, tena la kirafiki.

Mkwe alikuwa chini ya ngazi za kushukia ufuoni, ameinama, anafunga kamba ya ubao kwenye kifundo cha mguu. Alipomwona alinyooka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Unakwenda?"

"Nakwenda kidogo."

"Peke yako?"

"Ndiyo uzuri wake," alisema, akatabasamu. "Nikianguka hakuna wa kuniambia nasubiri chai."

Bi Nusu alishuka ngazi hadi chini. Alikuwa amewaondoa majini watu wote ambao wangeweza kumshika mtu huyu akizama, na akawa amempa alichokitamani kuliko wimbi lenyewe, yaani bahari isiyo na macho.

"Nimeandika tatu," alisema.

"Nimesoma, mama. Lakini naona haifiki hata mbili. Tena Jumatatu uliandika moja na nusu, nadhani ile ndiyo ilikuwa sawa."

"Zote zilikuwa sawa. Wimbi ni lile lile."

Akamweleza, huku akimtazama mguuni si usoni: mgongo, uso, jinsi wanavyopima, tangu lini. Mkwe alisikiliza. Maji yalikuja yakawalowesha hadi magotini wote wawili, na yeye Bi Nusu hakugeuka.

"Kwa hiyo wote wanajua," alisema kijana hatimaye. "Ila mimi."

"Ila wewe."

"Na mke wangu?"

"Amezaliwa hapa."

Akasema kwa sauti ndogo, "Ungeniambia tu, mama."

"Ningekwambia. Nikaona haya. Nikakuchezea namba kama mtoto, na wenzako wakasoma tatu wakadhani ni sita, wamekwenda makazini. Kosa ni langu, wala usinisaidie kulibeba." Akavuta pumzi. "Sasa nakwambia. Hujafika hapo, mwanangu. Sisemi hutafika. Lakini leo hujafika, na ukiingia ukaanguka, mimi sijui kuogelea. Kazi yangu itakuwa kusimama hapa nikikutazama."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mwanangu. Mkwe aligeukia mwamba. Mstari mmoja ulisimama, ukajikunja, ukavunjika. Sauti yake ilifika baada ya muda, nzito, kama gunia la saruji linalotupwa ghorofani.

Bi Nusu akatoa simu, akarekodi mbele yake, bila kujificha.

"Jamani, nimekosea kipimo. Tatu niliyoandika jana ni ya uso. Wimbi ni lile la Jumatatu, upepo wa bara umeshika, maji bado yapo. Mkwe wangu amewahi, yuko ufuoni anawasubiri."

Jibu la Pweza lilikuwa kelele tupu. "Shemeji! Niko juu ya dari ya mtu na spana mkononi, unaniambia sasa hivi? Bomba liko wazi! Subirini, msiguse wimbi langu!"

Alifika akiwa bado na ovaroli, ubao umefungwa juu ya pikipiki, na nyuma yake magari mawili. Alimtazama mkwe, akautazama ubao wake, akamtazama Bi Nusu ambaye sketi yake ilikuwa imelowa hadi magotini. Pweza ni mpayukaji lakini si mjinga.

"Bwana harusi, unakuja na mimi," alisema. "Utakaa mlangoni, pale maji ni marefu, wimbi halivunjiki. Utakaa utazame. Ukithubutu kunifuata juu ya mwamba nitakupiga na huo huo ubao wako, halafu shemeji atauziba bure."

"Na wewe, mzee, bomba la watu?" akauliza mkwe.

"Wataoga kwa ndoo. Twende."

Kutoka ukutani Bi Nusu aliwaona wakipita kwenye mlango, ile njia ya maji marefu inayoukata mwamba. Pweza aliendelea mbele. Mkwe alibaki amekaa juu ya ubao, nukta nyeusi. Kisha Pweza alilipata wimbi lake la kwanza, akasimama, na ghafla bahari yote ikapata kipimo: mtu mzima mwenye wajukuu akapita chini ya ukuta ule kama mdudu kwenye kiambaza.

Nukta nyeusi haikusogea. Baadaye ilisogea. Ubao uligeuka kuelekea mwamba, ukarudi. Uligeuka tena. Mara ya tatu mkwe alilala kifudifudi akaanza kupiga maji kwa mikono, na Bi Nusu akashika ukuta kwa mikono yote miwili. Kijana alipiga maji mara kadhaa, akaacha, akakaa. Wimbi lilipita mbele yake likavunjika pale alipokuwa anaelekea, na lilipomaliza, mawe yalionekana wazi, ya kahawia, maji yakimwagika kutoka juu yake kama kwenye mabati. Hakugeuka tena.

Wengine walitoka saa waliyoambiwa. Kulikuwa na kupigana mabega na kulaumiana, na mmoja alimwambia Bi Nusu kwamba akirudia mchezo ule watamtafuta mtabiri mwingine. Alikubali lawama. Siku hizi anaandika namba mbili, mgongo na uso, na bado wapo wanaonung'unika kwamba ameharibu mila.

Mkwe alitoka wa mwisho. Alipanda ngazi na ubao kwapani, akauegemeza ukutani, akainama kufungua kamba ya mguuni. Mkanda ule hushikana wenyewe kwa wenyewe na hufunguka kwa kuvutwa tu, lakini aliushika upande usio wake na haukuvutika. Alijaribu tena. Watu walikuwa wanapita.

Bi Nusu alipiga goti juu ya saruji yenye maji.

"Acha, mama," alisema mkwe kwa kushtuka, akitazama huku na huku. "Nitatoa mwenyewe."

"Simama vizuri," akamjibu, na akavuta.