Waya Uliolegea

Harufu ya waya ulioungua ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu ya mtaa wa Kabiria. Kaka yangu Mutua, aliyekuwa akisomea fizikia chuo kikuu, alitengenezea redio za majirani kwenye meza ya kulia, na Mama alinung'unika kwamba hata chapati zake zilikuwa na ladha ya waya. Msimu mmoja wa mvua redio mojawapo ilitangaza kwamba wanasayansi wa ng'ambo walikuwa wamepima chembe zilizoushinda mwanga kwa kasi. Nilimrukia Mutua nikamuuliza kama sasa vitabu vyake, vilivyosema hakuna kinachoushinda mwanga, vitatupwa. Alicheka.

"Inawezekana, Mueni. Lakini kipimo moja haitoshi, lazima irudiwe. Na kwanza unacheki waya."

Wiki hiyo majibu ya damu ya Mama yalirudi safi kutoka hospitali. Madaktari walikuwa wamesema saratani ya damu yake haiponi. Sasa karatasi ilisema haipo. Kwetu habari kama hiyo haikai nyumbani, inapelekwa kanisani. Jumapili asubuhi Mama alivaa gauni lake la kitenge, tayari kwenda kanisani mtaa wa Satellite kutoa ushuhuda. Mutua alimfuata jikoni.

"Mum, turudie test kwanza. Na usiwache dawa, tafadhali."

"Wewe Mutua, nisimame mbele ya watu nimshukuru Mungu, halafu nirudi kumpima?"

Kanisani akina mama walipiga vigelegele mpaka mvua haikusikika kwenye mabati. Vidonge akaviacha siku hiyo. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena maishani: mwanga ulikuwa umeshindwa, na ugonjwa pia. Msimu wa mvua ulipokwisha, Mama hakuweza kuinua kikombe. Kipimo kiliporudiwa, ugonjwa ulikuwa pale pale. Damu ile safi iliyopimwa mwanzo ilikuwa ya mtu mwingine. Tulimzika Ukambani. Miezi baadaye redio ikatangaza kwamba chembe hazikuushinda mwanga, waya mmoja tu wa mitambo ya kupimia ulikuwa umelegea. Mutua aliizima, akainamia meza, akalia kwa sauti.

Leo nafundisha fizikia katika shule moja ya mtaa wa Karen, na wanafunzi huniuliza kama jaribio moja laweza kuangusha yote tuliyoyasoma. Nawapa jibu la Mutua. Ni jibu sahihi, nami nalichukia. Kila nikisikia habari ya kipimo cha ajabu, siulizi lolote kuhusu waya mpaka kesho yake. Kwa siku hiyo moja Mama amesimama kanisani na gauni lake la kitenge, naye ni mzima.