Moyo Hauongei na Kanga

Ipo siku naikumbuka, mwanangu, nikicheka na kusonya kwa pamoja. Nilikuwa mke mpya pale Kulesa, na nikipanda ukingo wa mto na ndoo ya maji, natweta kama ng'ombe wa kiangazi. Nikaenda Garsen kwa Jillo. Namtaja, kwa nini nimfiche? Alijiita daktari, duka lake nyuma ya soko. Akaniwekea stetoskopu kifuani, juu ya kanga mbili, na vile vya kutia masikioni bado vinaning'inia shingoni! Alisikiliza kwa shingo. "Malaria," akasema. Nami nikamsifu kijiji kizima kwa kuwa hakunivua nguo. Nikameza vidonge vyake mpaka miguu ikafura.

Mama mkwe akachoka. "Malaria gani hii, inakuja ukipanda ukingo tu?" Akanivuta hadi zahanati.

Nesi akafukuza kuku, akazima redio. "Shusha kanga, dada. Moyo hauongei na nguo."

"Naona haya."

"Kaburi litakuonea haya?" mama mkwe akadakia. Mficha uchi hazai, mwanangu.

Stetoskopu ya nesi ilinasa sauti na kuiweka kwenye simu. Kwanza akanisikilizisha moyo wake: du-dup, du-dup. Akaniambia hizo ni sauti za milango. Moyo ukisukuma damu, milango ya kuingilia inajifunga, du. Damu ikishatoka, ya kutokea inajifunga, dup. Kisha wangu: du-shhh-dup. Sauti ile niliijua! Ni maji yanayopenya tuta la shamba la mpunga kabla halijabomoka. Mlango wangu mmoja ulikuwa haufungi, damu inarudi ilikotoka.

Sauti ikatumwa kwa daktari wa moyo Mombasa. Nikapasuliwa, nikawekewa mlango wa chuma. Hata leo unagonga, tik, tik. Kitinda mimba wangu aliwahi kuniuliza, "Mama, ulimeza saa?"

Jillo sijamsamehe. Na mwenzake aliyetaka kuniua ni mimi, na haya zangu.

Basi, mwanangu, ukienda kupimwa, fungua kifua, nyamaza, na umtazame masikioni anayekupima. Kama hamna kitu, inuka uende zako. Ukiambiwa jambo, uliza. Kuuliza si ujinga. Mungu akujalie moyo wenye milango inayofunga, na mama mkwe mwenye mdomo kama wa huyo wangu. Amina.