Maombi ya Mwende Kabla ya Mtihani

Leo nimeibiwa mtihani nikiwa nimefunga macho.

Mnajua nafundisha Kiingereza hapa Kikima, na huku hakuna mtihani unaanza bila maombi. Karatasi zilikuwa tayari mezani, maswali yanaonekana. Nikamwambia Mwende, monita wa darasa, atuombee.

Akaanza vizuri tu.

"Baba, tunakushukuru kwa afya ya mwalimu."

Amina.

"Baba, kwa namba moja, wakumbushe watoto wako kwamba 'each' inaenda na 'is'."

AMINA!

Weh! Nikafungua jicho moja. Mwende amefumba macho kabisa, mikono iko juu.

Sasa niambieni, utamkatiza aje mtu anaongea na Mungu? Na mimi ni mzee wa kanisa, kila ombi lazima niitikie amina!

"Na kwa namba nne, Baba, 'everybody' iende na 'are', kwa maana watu wako ni wengi."

AMINA!

Nimemaliza kusahihisha sasa hivi. Darasa lote limekosa namba nne: wote wameandika 'are' badala ya 'is'.

Nikamwita Mwende ofisini anieleze. Akaniangalia kwa huruma.

"Lakini mwalimu, si hata wewe ulisema amina?"