Herufi O Iliyovuka Mstari

Nakumbuka asubuhi moja mjini Nakuru, miaka ya hamsini, nilipovuka barabara kwenda kuitazama kazi ya mikono yangu kama mtu anayepelekwa kwa hakimu. Mwanangu, tangu uliponiambia kwamba unafundisha sanaa na ubunifu kule chuoni Njoro, na kwamba kufundisha hakukusumbui kama kujua ni nani hasa amejifunza, asubuhi hiyo imenirudia mbichi. Kaa nikusimulie, maana hata sasa nikiikumbuka damu inanichemka.

Shule niliiacha mapema. Haikunishinda, ila miguu iliniwasha. Nilikamua ng'ombe katika shamba la mzungu huko Njoro, nikachuma maua ya pareto upande wa Keringet, nikabeba magogo katika kiwanda cha mbao Molo. Kila mahali, nikishajua kazi inavyokwenda, nilifunga virago vyangu nikaondoka. Tembea uone, wanasema, nami nilitembea kweli.

Ndipo nikafika kwa Mzee Athumani. Huyu alikuwa fundi wa kuandika vibao vya maduka, mtaa wa Bondeni, mtu mwembamba aliyevaa kofia ya kitambaa yenye madoa ya kila rangi aliyowahi kuipaka. Nilisimama mlangoni pake kumtazama akiandika jina la duka la nguo, nikasahau njaa. Akaniuliza kama nimekuja kununua ama kuziba mwanga. Nikamwambia nataka kujua. Akanipa msasa nisugue mbao.

Tulikuwa wanafunzi wawili, mimi na Kipkorir, kijana mtaratibu ambaye hata chai aliinywa kwa mstari ulionyooka. Mzee Athumani alikuwa na desturi yake. Mwanafunzi aliyedhani ameiva alipewa neno aliandike, kibao kikatundikwa nje, na hukumu ikatolewa kutoka ng'ambo ya barabara. "Kibao hakisomwi kwa pua," alizoea kusema. Aliyefaulu alipewa brashi yake mwenyewe na kuitwa fundi. Aliyeanguka alirudi kwenye msasa.

Siku yetu ilipofika, neno lilikuwa HOTELI. Kibao kilitakiwa na Mama Halima, mwenye hoteli ya chai jirani yetu, naye angechukua kile kilichoshinda. Nami, mwanangu, nilikuwa nimejiambia kwamba nikianguka nitapanda treni ya jioni nisirudi tena. Nilisema hivyo kwa sababu niliogopa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa nimepata kazi ambayo sikutaka kuiacha.

Tuliandika mapema, kabla upepo haujaamka kule ziwani. Wakati wa kiangazi upepo ule ulipanda mjini na vumbi jeupe la magadi, na rangi mbichi ikipatwa nalo, kazi imeharibika. Kipkorir alipiga mistari kwa uzi wa chaki, akapima kila herufi kwa rula. Mimi pia nilipiga mistari, lakini nilipofika kwenye O mkono wangu ulikataa kutii. Niliiacha ivuke mstari kidogo, juu na chini.

Vibao vilipotundikwa watu walikusanyika. Mama Halima akaja karibu, akavuta kidole hewani kufuata vichwa vya herufi. Kwa Kipkorir kilipita sawasawa. Kwangu kikagonga O.

"Fundi," akasema, "huyu O wake ana mimba."

Mchukuzi mmoja akadakia kwamba labda ameshiba mandazi ya hapo jirani. Watu wakacheka, nami nikatazama chini. Mama Halima alikuwa ameshaanza kukishika kibao cha Kipkorir, ndipo Mzee Athumani akamwomba kwa upole avuke naye barabara kwanza, kwani wateja wake hawatakisoma wakiwa wamekikumbatia.

Tukavuka wote. Tukageuka.

Mwanangu, nilitamani kuruka. Kutoka pale, O ya Kipkorir ilikuwa imenywea, kama mtoto aliyesimama katikati ya watu wazima. Yangu ilisimama kimo kimoja na wenzake, imetulia, na neno zima lilisomeka kwa pumzi moja. Mama Halima akavuka kwenda kuangalia karibu, akarudi, akavuka tena. Akasema rula yetu ina shetani.

Nikaanza kutabasamu. Mzee Athumani akanigeukia.

"Kwa nini uliivusha?"

"Niliona tu inafaa, mzee."

"Aliyepatia kwa kujua na aliyepatia kwa kuteleza, vibao vyao vinafanana. Sasa mimi nitajuaje wewe ni yupi?"

Akavuka barabara, akachovya kitambaa katika mafuta ya taa, akakifuta kibao changu chote. Mama Halima akapiga kelele kwamba hicho ni kibao chake. Mzee akamwambia kibao chake atakipata, lakini yeye bado anamtafuta fundi. Kisha akanipa chaki, akaniamuru niandike ukutani jina la mahali nilipofanya kazi kabla ya kuja kwake, na nisifunge mdomo nikiandika.

Niliandika MOLO. Mwanzo nilizitaja herufi tu, moja moja. Halafu nikaanza kusema, na nilivyosema ndivyo nilivyogundua kwamba najua. Nikasema O haina bega, yaani ukingo ulionyooka. Herufi yenye bega, kama E, inaugusa mstari kwa upana wake wote, lakini ya duara inaugusa kwa ncha tu, kwa hiyo jicho linaiona fupi, na ukitaka ilingane lazima uivushe. Nikasema L imeacha shimo juu ya mguu wake, basi O inayofuata isogezwe ndani, hata kama rula italia. Nikasema nimeyaona haya kwenye jina lililoandikwa stesheni ya treni, ambako nilisimama mara nyingi nikitamani kusafiri, na kwenye maandishi ya magunia ya unga yaliyopangwa pale. Maneno yalinitoka kama maji ya mfereji uliozibuliwa. Jasho lilinitiririka na nilikuwa nacheka.

"Mbona hukuwahi kuniambia?" akauliza mzee.

"Hukuwahi kuniuliza."

Kisha akasema, mbele ya watu wote, "Hilo kosa ni langu." Akatoa brashi mfukoni, mpya, nywele zake bado zimefungwa kwa uzi, akaniwekea mkononi.

Lakini hakumsahau Kipkorir. Alimwacha ng'ambo akitazama kibao chake kwa muda mrefu, pasipo mtu kumharakisha. Hatimaye Kipkorir akavuka polepole, akachukua brashi ya kazi, akaiongezea O yake upana wa uzi juu na upana wa uzi chini. Akarudi ng'ambo kuhakikisha. Nilimwona akiachia pumzi.

"Huyu naye amejifunza sasa hivi, mbele ya macho yangu," akasema Mzee Athumani. "Mtihani ambao mtu hawezi kujifunza ndani yake ni mtego wa panya." Naye akapewa brashi.

Upepo ukaja na vumbi lake, tukakimbiza vibao ndani. Hoteli ya Mama Halima ikapata kile cha Kipkorir, na nasikia kilikaa hadi mbao zikaoza. Jioni ile niliisikia treni ikipiga honi kuondoka. Nikaendelea kuosha brashi yangu.

Basi, mwanangu, rula yako usiitupe. Kipkorir alikuwa fundi mzuri kuliko mimi katika mengi, na mstari ulionyooka ni adabu ya kazi. Ila usiishie hapo. Ivuke barabara, uitazame kazi ya mwanafunzi kutoka pale itakaposomwa. Kisha rudi karibu umuulize kwa nini, umpe nafasi ya kujibu, hata akianza kwa kigugumizi, maana wengine hawajui wanachojua mpaka waulizwe. Aliyekosea mwonyeshe kazi yake kwa mbali, umwachie brashi mkononi. Kuuliza si ujinga, na kwa mwalimu ndiyo nusu ya kazi.

Nakuombea jicho linaloona kutoka ng'ambo, na miguu isiyochoka kurudi karibu. Wanafunzi wako wakuzidi, nawe ufurahi wakikuzidi. Amina.